Kabla Hujabonyeza "Jaribu Bure"

(Maneno niliyosema kwa vijana wanaoanza kazi ya kutengeneza tovuti, Dodoma. Nayaweka yote kwa ajili ya waliokosa nafasi ukumbini, na wale wa Singida ambao basi liliwaharibikia njiani.)

Mbukwenyi!

Ahsanteni. Kumbe Wagogo bado mpo mjini.

Walimu wetu, wazazi mliowasindikiza watoto, na ninyi vijana wenyewe, shikamooni kwa wanaostahili na mambo vipi kwa waliobaki. Walionitangulia wamezungumzia ubunifu, akili mnemba na ajira. Mimi nimeachiwa bei. Nashukuru, maana bei ndiyo inayowarudisha vijana wengi nyumbani kabla hata ubunifu haujaanza.

Naomba niulize. Nani humu ndani ameshawahi kulipia programu kwa hela yake ya mfukoni? Nyoosheni mikono juu tuione. Haya, mikono michache. Sasa nani ana programu ya kraki, yaani iliyovunjwa leseni, kwenye laptopu yake? Mbona mnaangaliana? Hapa hakuna polisi. Basi, mmeshanijibu.

Neno langu leo ni moja na nitalirudia mpaka mchoke. Kabla hujauliza programu inauzwa bei gani, uliza utatokaje. Siku wakipandisha, utatokaje? Siku wakifunga, utatokaje na kazi zako mkononi?

Tuanze na hesabu, kwa sababu wengi wenu mnaiona bei kwa dola na mnaishi kwa shilingi. Chukua chombo cha kazi, yaani programu, cha dola 20 kwa mwezi. Mwaka 2021 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300, kwa hiyo ulitoa 46,000. Katikati ya 2024 dola ilishavuka 2,600. Chombo kilekile, dola zilezile 20, ukawa unatoa zaidi ya 52,000. Muuzaji hajapandisha hata senti. Kwake hakuna kilichobadilika, wala hana sababu ya kukuandikia barua. Aliyepandishiwa ni wewe peke yako. Tena tangu Sheria ya Fedha ya 2022, huduma za kidijitali zinazouzwa huku na kampuni za nje zinaguswa na kodi ya ongezeko la thamani. Usishangae ukifika kwenye kulipa ukakuta namba si ile ya kwenye tangazo.

Sasa zidisha kwa miezi 12. Kwa 2,600 ni shilingi 624,000 kwa mwaka, kwa chombo kimoja. Wewe unayeanza, unayemtengenezea tovuti mwenye duka la vifaa vya ujenzi, utamwomba shilingi ngapi? Laki tatu? Laki nne, kama ameamka vizuri? Na atalipa nusu, nusu nyingine "njoo wiki ijayo".

Kuna jambo la pili ndani ya hesabu hiyo ambalo walioziweka hizo bei hawakulifikiria, na siwalaumu, hawajawahi kuishi hapa. Bunge la bajeti likianza Aprili, loji za mji huu zinajaa na mwenye loji anakumbuka kwamba anataka tovuti. Bunge likiahirishwa mwisho wa Juni, simu haipokelewi. Huko vijijini ni alizeti na mtama: mavuno yakiwa mazuri, ada zinalipwa, na shule inamkumbuka fundi wake wa tovuti. Hela yetu inakuja kwa msimu. Makato ya kila mwezi hayajui msimu. Tarehe ikifika yanagonga kwenye kadi, iwe masika, iwe kiangazi.

Zamani mambo yalikuwa tofauti kidogo. Walimu wangu mnakumbuka Dreamweaver, programu ya Adobe ya kutengenezea tovuti. Toleo la CS6 liliuzwa dola 399, unalipa mara moja na linabaki lako. Mwezi Mei 2013 Adobe wakatangaza kwamba kuanzia hapo matoleo mapya yatapatikana kwa kulipia huduma kila mwezi, hakuna tena kununua moja kwa moja. Nisiwe mnafiki hapa: dola 399 kwa mkupuo ni kijana gani wa Dodoma alikuwa nazo? Kulipa kidogo kidogo kuliwafungulia mlango watu ambao mlango ule ulikuwa umefungwa kabisa. Lakini angalieni kilichobadilika. Aliyenunua mara moja, akiishiwa hela, programu yake inaendelea kufungua kazi zake za mwaka jana. Anayelipia kila mwezi, akiishiwa hela, anaishiwa na programu pia. Utatokaje? Huyu wa pili, kama hajahifadhi kazi zake kwa namna ambayo programu nyingine inaweza kuzisoma, hatoki.

Sasa tuje kwenye neno tamu kuliko yote: bure.

Nani anakumbuka ramani za Google kwenye tovuti kabla ya 2018? Ulinakili mistari michache, ukabandika, ramani ikatokea. Hukuombwa kadi. Kiwango cha bure kilikuwa kufunguliwa mara 25,000 kwa siku. Kwa siku, jamani! Loji gani ya Area D ingefika huko? Kisha Julai 2018 utaratibu ukabadilika: fungua akaunti ya malipo, weka kadi, utapewa dola 200 za bure kila mwezi, ukizimaliza ni dola 7 kwa kila ramani 1,000. Pigeni hesabu wenyewe. Dola 200 ni kama ramani 28,000 kwa mwezi mzima. Na Machi 2025 wakabadilisha tena, zile dola 200 zikaondolewa, kila huduma ikapewa kiwango chake cha bure.

Duka dogo bado lingetosheka na 28,000. Kwa hiyo tatizo lilikuwa wapi? Kadi! Mtu wa miaka 19 anayejifunza pale Nkuhungu alikuwa hana kadi ya benki inayokubalika mtandaoni. Ambaye hakuweka kadi, ramani yake ilitiwa giza, na juu yake yakaandikwa maneno ya kusema hii ni kwa matumizi ya majaribio tu. Mteja anaona hivyo anampigia nani? Hampigii Google. Anakupigia wewe, na anasema tovuti uliyomtengenezea imeharibika.

Waliotoka salama ni waliokuwa wameandika wenyewe, kwenye faili lao, mahali pa kila loji na kila duka. Hao walichukua Leaflet, programu ndogo ya kuonyesha ramani kwenye tovuti, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi, wakaweka data ya OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea, jioni wakaenda kunywa chai. Na msidhani OpenStreetMap imeshuka kutoka mbinguni. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Dar es Salaam, kuanzia 2015, wanafunzi na wakazi wa kata zinazofurika walipita mtaa kwa mtaa kwenye mradi wa Ramani Huria, wakachora mifereji na nyumba, na kazi ile ikaingia humo. Wenzetu wamechora Tandale. Nani atachora Iyumbu, ambako kila wiki barabara mpya inachongwa? (Na tafadhali, seva zao za ramani, yaani kompyuta zinazoituma ramani kwenye tovuti yako, zina masharti ya matumizi. Zinaendeshwa kwa michango. Ukipata mteja mkubwa, tafuta pa kulipia au weka seva yako.)

Bado nipo kwenye bure. Heroku, kampuni ya kuendeshea programu mtandaoni, walikuwa na nafasi ya bure ambayo nusu ya dunia ilijifunzia. Agosti 2022 wakatangaza mwisho, na tarehe 28 Novemba 2022 wakaanza kuzifunga. Walisema wanatumia nguvu nyingi mno kupambana na matapeli wanaoitumia vibaya nafasi ile, na mimi nawaamini. Kuwaamini hakukurudishii mradi wako wa mwaka wa mwisho.

Tena kuna bure yenye kadi nyuma yake. Februari 2024 kulisambaa habari ya mtu mwenye tovuti ndogo kwenye mpango wa bure wa Netlify, kampuni ya kuhifadhi tovuti, akapelekewa bili ya zaidi ya dola 104,000, kwa sababu faili moja lilipakuliwa kwa mafuriko. Kelele zilipopigwa mtandaoni, mkuu wa kampuni mwenyewe akatamka kwamba hatalipishwa. Vizuri. Lakini nawauliza, yule alisikika kwa sababu alikuwa mahali ambapo wakubwa wa kampuni hizo wanasoma. Wewe ukipiga kelele Makole, nani atasikia? Basi ukitumia kadi, tumia kadi pepe ya mtandao wa simu, na uweke humo kiasi ambacho uko tayari kukipoteza. Anayekuambia weka kadi yenye mshahara wa mama yako, mkimbie.

Hadithi ninayotaka kukaa nayo ni ya cPanel, kwa sababu inaonyesha jinsi bei inavyosafiri kutoka mbali mpaka inakukuta umekaa kibarazani kwako.

cPanel ni ule ukurasa ambao wengi wenu mnaufungua kupakia faili, kuunda baruapepe za mteja, kutengeneza databesi ya kuhifadhi taarifa zake. Kwa miaka mingi mwenye seva alilipa ada moja kwa seva nzima, iwe na tovuti kumi, iwe na mia tano. Biashara nzima ya seva za bei nafuu ilijengwa juu ya hesabu hiyo: jaza tovuti nyingi ndani ya seva moja, gawa ada, kila mmoja analipa kidogo. Mwaka 2018 kampuni ikaingia mikononi mwa wawekezaji, na Juni 2019 ikatangaza bei mpya inayohesabu akaunti. Tovuti zikiongezeka, namba inapanda. Hakukuwa na wizi wowote pale. Ni yao, wanapanga wapendavyo. Lakini hesabu iliyolisha watu wengi ilivunjika ndani ya miezi michache.

Sasa ifuateni bei. Mwenye seva huko ng'ambo kapandishiwa, anampandishia anayenunua kwa jumla. Anayenunua kwa jumla yuko Dar au Nairobi, anampandishia anayeuza rejareja. Wa rejareja ni nani? Ni dada mmoja ninayemfahamu, wa Kondoa, ambaye hapendi jina lake litajwe. Alikuwa akiwauzia nafasi ya seva shule za binafsi, parokia na chama kimoja cha akiba na mikopo. Aliwaahidi bei moja kwa miaka mitatu, kwa maandishi, na mhuri juu. Barua ya kupandishiwa ikamfikia katikati ya mwaka wa kwanza. Juu hawezi kubishana, chini hawezi kupandisha. Nani analipa? Yeye aliye katikati. Na mara nyingi aliye katikati ndiye anayeanza.

Kwa nini hakuhama siku ileile? Kwa sababu baruapepe zote za wale walimu, za miaka, zilikuwa humo. Utatokaje, wakati mkuu wa shule anasubiri barua ya mkoa kwenye anwani hiyo?

Alisubiri likizo ya Desemba. Akakodi seva tupu, akaweka paneli ya bure, yaani ukurasa wa kusimamia seva kama ule wa cPanel, maana zipo, Virtualmin ipo, HestiaCP ipo, akahamisha shule moja baada ya nyingine usiku, bando likiwa na kasi. Akaniambia kilichomsumbua kuliko yote haikuwa ufundi. Ilikuwa domeini mbili, yaani majina ya tovuti, ambazo aliyemtangulia alizisajili kwa jina lake mwenyewe, na mtu huyo hapatikani. Mikataba yake ya sasa ina mistari ambayo ile ya kwanza haikuwa nayo: bei ya mwaka wa kwanza, bei ya kuhuisha, na sentensi inayosema gharama za nje zikipanda mteja atajulishwa miezi miwili kabla. Wateja walisaini. Watu wazima wakielezwa mapema hawagombi.

Hapo kwenye domeini niongeze kitu kimoja. Bei ya jumla ya .com ilikaa dola 7.85 kwa miaka mingi. Kuanzia 2021 Verisign, kampuni inayosimamia .com, walianza kuipandisha, na kufikia Septemba 2024 ilikuwa dola 10.26. Hiyo ni ya jumla, kabla muuzaji wako hajaweka faida. Sasa wewe uliyemwahidi mteja "domeini bure milele", milele hiyo inalipwa na nani?

Nije kwenye kraki, maana nimeona mmoja anaangalia saa.

Sitawahubiria dhambi. Nawaeleza namna inavyofanya kazi. Templeti, yaani sura ya tovuti iliyotengenezwa tayari, ya WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, inauzwa dola 60, nawe unaikuta mahali bure. Aliyeivunja leseni akaipakia pale anakula nini? Kuna kirusi kinaitwa WP-VCD, kilianza kuonekana 2017, na mwaka 2019 wataalamu wa usalama wa Wordfence wakaeleza kwa kina kinavyoenezwa: ndani ya templeti na plagini (vipande vya kuongezea kazi) za kraki. Ukiiweka, inafungua mlango wa nyuma, inajinakili kwenye templeti nyingine zote zilizomo, na kama seva ina tovuti kadhaa zinazogusana, inahamia na huko. Kisha inatumia tovuti yako kuonyesha matangazo na kuzipandisha tovuti nyingine za kraki kwenye utafutaji, ili apatikane mwingine kama wewe. Tovuti ya kwaya inaanza kuwapeleka waumini kwenye matangazo ya ajabu. Dola 60 umeziokoa. Mteja umempoteza, na Dodoma ni mji mdogo.

Lakini nikiwa nasema haya, na wauzaji nao wana lao. Ukiuza kitu kwa bei moja kwa mtu wa California na kwa mtu wa Mpwapwa, umeshaamua kwamba yule wa Mpwapwa hatanunua. Wanajua. Wengine ndiyo maana wanagawa bure kwa wanafunzi. GitHub, wanaotunza msimbo wa watu mtandaoni, wana kifurushi chao cha wanafunzi tangu 2014. JetBrains wanawapa wanafunzi programu zao zote za kuandikia msimbo. Chukueni! Walio UDOM, walio kwenye vyuo vingine vinavyotambulika, chukueni leo. Nami nawaambia kwa nini mnapewa: ukizoea kwa miaka mitatu, siku umeajiriwa utamwambia bosi anunue. Ni biashara ya halali kabisa, wala hawaifichi. Uliza tu siku cheti cha kuhitimu kikitoka na leseni ikakatika, kazi zako zinafunguka na nini?

Na vipi wasio na kitambulisho cha chuo? Kijana aliyejifunza kwa simu, akinunua bando la usiku? Huyo ndiye anayehitaji zaidi, na ndiye anayeambiwa alete barua ya chuo. Kwake naona nuru upande mwingine. Visual Studio Code ilitoka 2015 bila malipo, na baada ya hapo ikawa vigumu sana kumuuzia mwanafunzi programu ya kuandikia. Oktoba 2024 JetBrains nao wakaiachia WebStorm, programu yao ya kuandikia tovuti, bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. Vyeti vingi vya usalama wa tovuti vilikuwa vya kulipia kila mwaka mpaka Let's Encrypt walipofungua milango kwa umma mwishoni mwa 2015. Leo ni bure. (Kama kuna mtu humu bado anamuuzia mteja cheti hichohicho kwa laki moja, tuonane nje.) Bei zinashuka pale ambapo kuna pengine pa kwenda.

Mwulizeni mkulima wa zabibu wa Hombolo. Zabibu ikiiva haisubiri. Kama mnunuzi ni mmoja, bei inatajwa na yeye, shambani kwako, nawe unaitikia. Mwenye njia ya kukausha, au mwenye mnunuzi wa pili, anajibu kwa sauti nyingine kabisa. Kazi yako ya tovuti ikiwa ndani ya mfumo wa kujenga kurasa kwa kuburuta na kudondosha ambao hautoi faili nje, wewe ni mkulima mwenye mnunuzi mmoja.

Kwa hiyo nawashauri nini? Tovuti yako ya kwanza iwe faili kwenye folda. HTML ya maandishi, CSS ya mwonekano, na baadaye PHP ya kazi za seva na MySQL ya databesi kama unazihitaji. Haitapendeza kama ya kwenye matangazo, lakini itafunguka kwenye seva yoyote duniani. Ukishaelewa hapo, lipia kinachokuokolea muda, na ulipie bila aibu. Mimi nalipia vitu kadhaa. Ninachokataa ni kulipia ambacho sijui nitakiachaje. Domeini iandikwe kwa jina la mteja. Nakala ya databesi ikae kwako na kwake.

Na ninyi wauzaji wa seva wa hapa nchini, nawaona mmekaa nyuma na mabango yenu. Karibuni sana, lakini tuambizane. Kanuni za Machi 2025 zimekataza kutangaza na kudai bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, kwa hiyo zile bei za dola kwenye kurasa zenu zifuteni. Uzeni kwa miezi mitatu mitatu, si kwa mwaka tu. Pokeeni malipo kwa simu. Bei ya kuhuisha iandikwe kando ya bei ya ofa, kwa herufi za ukubwa uleule. Mkifanya hivyo, hawa vijana hawatakuwa na sababu ya kuhangaika na kadi za ng'ambo, na mtakuwa mmepata wateja wa miaka ishirini.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananiangalia. Baada ya chai tunarudi humuhumu kwa kazi ya mikono. Tutaichukua tovuti moja inayofanya kazi, ya shule, mwenyewe ameridhia, na tutaihamisha yote kutoka kwenye seva mpaka kwenye laptopu: faili, databesi, baruapepe. Wenye chaji ndogo wakae upande wa ukuta, soketi ziko huko. Wasio na laptopu wakae wawili wawili na wenye nazo. Na kila mmoja aje na jina la huduma moja anayoitumia sasa hivi bure, tuifungue pamoja tuone kitufe cha kutolea data kiko wapi, kama kipo.